Mimi Ndiye Niliyesema Wapige Pasi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika rangi. Fundi Mkuu wa karakana ya Kajiado, mzee mfupi ambaye aproni yake ilikuwa imekauka rangi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, alinipa ndoo, sponji na fremu kumi na moja chafu. "Osha," akasema, akaenda kunywa chai. Nilikuwa nimetoka Bungoma na cheti cha sanaa, nikidhani nimeitwa kuchora. Niliosha fremu wiki tatu. Nawaambia haya nyinyi vijana mnaofungua biashara za fulana na kunijia na swali moja tu: "Mama, ni njia gani poa ya kuchapa?" Hamjaniambia fulana ni za nani, zitafuliwa wapi wala na nani. Swali hilo hunichosha, na nitawaeleza kwa nini.

Miaka hiyo ya tisini mwanzoni tulichapa kwa skrini. Skrini ni kitambaa chembamba cha nailoni kilichovutwa kwenye fremu ya mbao mpaka kikalia kama ngoma. Unakipaka dawa inayoganda ikipigwa na mwanga, ukiwa kwenye chumba chenye giza, kisha unalaza juu yake mchoro uliochorwa kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu, na kukitoa juani. Jua la Kajiado halikuhitaji taa ya umeme. Fundi Mkuu alihesabu kwa sauti, na ole wako umsemeshe kabla hajamaliza. Ukiosha skrini, pale wino mweusi ulipozuia mwanga dawa hutoka, na matundu yanabaki katika umbo la mchoro. Halafu unavuta rangi juu yake kwa skwiji, yaani ubao wenye ukingo wa mpira, nayo inapenya hadi kwenye fulana. Kila rangi ina skrini yake. Mchoro wa rangi nne ni kazi mara nne, na mteja hataki kulielewa hilo hata umwimbie.

Rangi yetu ilikuwa ya maji, na rangi ya maji haishiki vizuri kwenye nguo mpaka ipate moto. Tanuri hatukuwa nalo. Kwa hiyo tulianika fulana kwenye kamba, na moto tukamwachia mteja. Fundi Mkuu alikuwa na maneno yaleyale kwa kila aliyebeba mzigo wake: "Kabla hujafua, piga pasi ya moto, tena sana. Pasi ndio inafunga rangi." Nami nikayarithi. Kwa miaka kumi hakuna mteja aliyetoka mlangoni bila kuyasikia.

Kisha nikahamishiwa tawi jipya la Kitengela, chini ya Meneja. Meneja alikuwa kijana mtanashati, ameoga manukato, na hajawahi kuosha fremu hata moja. Kuna siku alikuja na mashine ya kubana kwa joto. Unachapa picha kwenye karatasi maalumu kwa kompyuta, unailaza juu ya fulana, unabana, na picha inahamia kwenye nguo kama ngozi nyembamba ya plastiki. Ni rangi zote unazotaka kwa mbano mmoja. Nami nitakuwa mkweli: alikuwa na hoja. Kitengela upepo ulitoka kwenye machimbo ya mawe na vumbi lake, na fulana mbichi zilizokuwa kwenye kamba zilivuna vumbi hilo lote. Mtu akitaka fulana tatu zenye picha ya mtoto wake, skrini ni wazimu. Lakini Meneja hakuishia hapo. Kwake skrini ilikuwa uzee.

"Mama Nekesa, hii kazi ya kupaka matope itaisha," aliniambia. "Mashine haikosei."

"Stima ikipotea je?"

"Itarudi."

Ungedhani yeye ndiye aliyekuwa akiileta.

Wakati huo akaja Mama Naserian, mwenyekiti wa kwaya ya kina mama kutoka Magadi. Tulisalimiana kwa Kimaasai kama tulivyozoea, mimi nikianza kwa sababu yeye ni mkubwa wangu: "Takwenya, yeyo!" Naye akajibu, "Iko!" Akakaa. Akanieleza kuwa wanakwenda mashindano ya kwaya Kajiado. Mwaka uliotangulia walikuwa wamevaa kila mmoja nguo yake, na watu wa kwaya za mjini wakawacheka mpaka waimbaji wawili wakakataa kupanda jukwaani.

"Mwaka huu hatutaki kuchekwa," akasema. "Nataka ile rangi haitoki. Kule kwetu ni joto, tunafua kila siku. Umenisikia?"

Nikamshauri rangi moja, bluu, kibuyu cha maziwa na jina la kwaya, kwa skrini. Akakubali. Nikampa neno langu kwamba haitatoka, kisha nikamalizia na wimbo wangu: "Zikifika, pigeni pasi ya moto kabla ya kuzivaa. Tena sana."

"Ya makaa?"

"Ya makaa ndiyo nzuri."

Nikachoma skrini, yaani nikaitoa juani na mchoro wake, siku hiyohiyo. Kesho yake malaria ikanilaza. Niliporudi baada ya siku nne nikakuta fulana zote ishirini na nane zimeshasafirishwa Magadi, na skrini yangu imeegemezwa ukutani, safi, haijaguswa na rangi. Meneja alikuwa amezichapa kwa mashine. Kibuyu kikapata shanga nyekundu, njano na kijani ambazo hakuna aliyeziomba.

"Ungeziona!" akasema. "Zilikuwa zinang'aa."

Nikamuuliza kama alimwambia mtu yeyote asizipige pasi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la bibi yake. Nikapiga namba ya duka la Magadi ambayo Mama Naserian alikuwa ametuachia. Kwaya ilikuwa imeondoka asubuhi hiyo, Ijumaa, kwenda Kajiado. Mashindano yalikuwa Jumamosi mchana.

Saa nane simu ikalia. Mama Naserian hakunisalimia.

"Wewe ndio ulisema tupige pasi?"

Nikajibu ndiyo.

"Basi kuja uone."

Walikuwa wamefikia kwenye uwanja wa kanisa, wakawasha pasi tatu za makaa na kufanya nilivyosema, kwa bidii, kwa sababu mwanamke anayejiheshimu havai nguo yenye makunyanzi mbele ya watu. Pasi zikaondoka na vibuyu. Vilivyobaki vilikuwa vimeviringika kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hawakugundua baada ya fulana ya kwanza, kwa sababu walikuwa watatu wakipiga pamoja, kila mmoja akidhani ni pasi yake tu iliyo chafu.

Nikachukua skrini, kopo la bluu na skwiji. Meneja akasimama mlangoni.

"Waambie wamechoma wenyewe. Ni ukweli."

"Ni mimi niliwaambia wachome."

"Ukienda na hiyo fremu, umekubali kosa ni letu."

"Kwani ni la nani?"

"Basi Jumatatu usikuje."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mume wangu alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonibeba mpaka Kajiado.

Nikazichukua fulana kanisani, nikazipeleka kwenye karakana yangu ya zamani. Za kubadilisha hatukuwa nazo. Fundi Mkuu, ambaye alikuwa ameshaanza kuona kwa shida, aliichukua moja, akaipapasa, akaigeuza ndani nje. "Huku ni safi," akasema. Tukachapa zote ishirini na nane upande wa ndani, mishono ikiwa nje, tukaziweka chini ya paa la karakana mbali na vumbi.

Asubuhi zilikuwa zimekauka, zikibakiza moto tu. Nikazipeleka kanisani na kueleza kwamba lazima zipigwe pasi. Hakuna aliyesogea. Makaa yalikuwa yamewashwa kwa ajili ya chai, pasi zilikuwa pale, zimekwanguliwa kwa kisu, na kina mama wakaniangalia kama mwizi aliyerudi kuomba ngazi. Nikainyanyua pasi mwenyewe. Mama Naserian akaninyang'anya.

"Wewe wacha. Ikiharibika, iharibikie kwa mkono yangu."

Akatandaza fulana yake, akaweka pasi juu ya kibuyu, na akaibonyeza. Sikuweza kutazama. Nilisikia pasi ikivutwa, kisha mwanamke mmoja akacheka. Bluu ilikuwa palepale.

Waliimba mishono ikiwa nje. Walikuwa wa tatu. Watu waliwacheka kidogo walipopanda, na safari hii hakuna aliyeshuka.

Jumatatu nilikwenda kazini kwa ukaidi. Sikufukuzwa; Mkurugenzi, mwenye karakana zote mbili, alinirudisha Kajiado, akidhani ananiadhibu. Meneja alibaki na mashine yake, na kwa miaka mingine niliyofanya kazi sikuacha kukasirika nilipomkumbuka. Hata hivyo siku hizi, mkiniuliza njia ipi ni bora, simtaji yeye. Nakumbuka kwamba mimi pia nilisema maneno yaleyale miaka kumi bila kuangalia mteja amebeba nini, na kwamba nilirudi kutoka kwenye malaria nikajua ni lazima niwaambie wasipige pasi, lakini kwa siku nne hizo nilikuwa nimelala nikiwa na uhakika kwamba kila kitu kiko sawa.

Nilipostaafu walinifanyia chai kwenye karakana. Mama Naserian alikuja kutoka Magadi, amezeeka, amevaa fulana ile. Bluu ilikuwa imepauka, lakini kibuyu kilionekana, na mishono bado ilikuwa nje. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka yote hiyo watu lazima wanamwambia amevaa nguo ndani nje.

"Wananiambia kila Jumapili," akasema. "Nawajibu, mimi nimevaa sawa. Ni fundi wangu alikosea."

Kisha akanishika mkono, akauweka juu ya kibuyu, akaniuliza kama nasikia ilivyonyooka. Alikuwa ameipiga pasi asubuhi hiyo.