Tuliporudi Nyuma Hali Tumesimama

Macho yangu mazima, na akili ninazo, atakayebisha aje. Lakini siku ile ningekuapia kwamba gari letu linarudi mtoni.

Tulikuwa tunavuka mto Ruvuma kurudi nyumbani Palma, upande wa Msumbiji. Binti yangu alikwenda kujifungulia Mtwara. Watoto wake wawili wa mwanzo tuliwazika hata jina hawajapewa, nami nikala yamini kwamba wa tatu atazaliwa mbele ya daktari, hata ikibidi nimbebe mama yake mgongoni. Mungu si Athumani: akapata mtoto wa kiume, mzima, ana sauti utadhani mwadhini.

Arobaini ilikuwa haijatimia. Kwetu mzazi wa arobaini haonwi ovyo, wala upepo haumpigi, kwa hiyo tulipopanda pantoni nikafunika vioo vyote vya gari kwa kanga, hata cha mbele. Nilibakiza upenyo mdogo upande wangu, nipate hewa. Abiria wote hutakiwa kushuka garini, na mkwe wangu aliyekuwa akiendesha akashuka. Mtu wa kivuko alipokuja kututoa na sisi, nikamwambia huyu hashuki, na mimi sibanduki kwake. Akanitazama usoni, akaenda zake.

Kwenye ule upenyo nilikuwa naona ubavu wa lori la mahindi tu, basi. Tukafika ng'ambo, chuma kikagusa mchanga. Mara pantoni ikayumba, na gari letu likaanza kurudi nyuma. Taratibu kwanza, halafu mbio. Ubavu wa lori ukawa unanipita kwenda mbele, sisi tunakwenda kwenye maji, na usukani hauna mtu.

Ya Rabi! Nilijirusha kiti cha mbele nikashika breki ya mkono. Ilikuwa imevutwa tayari. Nikaivuta tena mpaka kiganja kikachubuka, na bado tunakwenda. Nikamwita mkwe wangu kwa maneno ambayo mkwe haambiwi: "Njoo, mpumbavu we, mwanao anazama!" Nikamnyakua mtoto mapajani mwa mama yake, nikaing'oa kanga ya dirisha la upande wa pili ili nimtoe yeye kwanza, sisi tufe.

Nje ya dirisha palikuwa na mtu kaegemea ukingo wa pantoni, anakula muhogo. Nikangoja anipite. Hakunipita. Ukingo umetulia, yeye katulia, muhogo unatafunwa.

"Calma, mamã, tulia," akaniambia. "Ni lori linashuka."

Nikasema alhamdulillahi, nikairudia, nikamkumbatia yule mtoto mpaka akakunja uso. Furaha niliyoipata hapo sijaipata hata harusini kwangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa mara mbili.

Mkwe wangu akafika mbio, anahema. "Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Panda twende."

Akapanda, adabu zake zote. Hapo ndipo binti yangu alipoanza kucheka. Kichwa kakilaza nyuma, machozi yanamtoka, kanga aliyojitanda imeanguka, upepo unampiga na watu wanamwona. Tangu tulipomzika yule wa pili sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Nilinyanyua mkono nimfunike, nikaurudisha. Nikamwacha acheke.