Saa Tatu za Kwenda Kalamba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na sita na koti la kuazima, nilipotoka hapa Kwa Vonza kwenda Kalamba kupeleka mbuzi watatu wa ntheo. Kwetu Ukambani, bila mbuzi hao hujaoa, hata mkiishi pamoja mpaka mzeeke. Mchumba wangu aliitwa Mwende. Baba yake, Mzee Kilonzo, alikuwa ameendesha lori la mazao kati ya Kitui na Makueni miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba tutafika saa sita mchana.

Kwa nini saa sita? Njia ile nilikuwa nimeipita mara kadhaa nikienda kumwona Mwende, na kila nilipoulizwa nilijibu, "Ni saa tatu tu." Mjomba wangu Muthama, aliyekuwa msemaji wetu, alitaka tuondoke alfajiri. Nilimcheka.

"Tufike mapema tukae kwa wakwe kama watu waliofuata chakula?" nilimwambia.

Basi tukaondoka saa tatu asubuhi katika pikapu ya jirani, mbuzi nyuma, sisi mbele, nikipiga mluzi. Ujana ni mtamu, lakini hauna subira ya kuhesabu.

Tulipopita Kanyangi gurudumu likapasuka. Gurudumu la akiba nalo halikuwa na upepo, ikabidi lirudishwe sokoni kuzibwa. Saa mbili zikaenda. Tulipofika mto Athi tukakuta maji mekundu yamejaa ukingo hadi ukingo. Kwetu halikuwa limedondoka hata tone, ila mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na mto hauulizi kama una wageni. Tulikaa pale saa mbili nyingine. Mjomba alivua viatu, akaketi juu ya jiwe akitazama maji.

Tulifika Kalamba saa kumi jioni. Uani palikuwa na viti vingi vitupu. Mwende alinitazama mara moja tu, akaingia jikoni.

Mzee Kilonzo alitupokea kwa heshima, akatupatia maji. Kisha akaniita kando.

"Uliniambia saa ngapi?"

"Saa sita, mzee. Lakini mto ulijaa."

"Leo ndiyo mara ya kwanza Athi kujaa?"

Akaniambia kwamba mama yake, ambaye wote walimwita Susu, alikuwa ameletwa juu ya punda kutoka ng'ambo ya kilima ili atubariki. Alifika asubuhi. Akakataa kula kabla ya wageni wake. Jua likamchosha, na saa tisa, waliomleta wakaogopa, wakamrudisha nyumbani.

Mzee hakupandisha sauti. Alichukua ungo na konzi ya punje za ndengu, akaketi. Akaniambia kwamba enzi zake za lori aliweka alama ya kila safari kwenye kijitabu, na ishirini za mwisho za njia hiyo anazijua kwa moyo. Akapanga ndengu kumi mahali pamoja: hizo ni safari zilizochukua saa tatu. Kando yake akaweka tano za saa nne, kisha tatu za saa tano. Halafu akaruka nafasi, akaweka moja ya saa saba, na mbali kabisa, karibu na ukingo wa ungo, moja ya saa tisa.

"Wewe uliiona hii chungu kubwa tu, ukaiita njia," akasema. "Ukitenga saa tatu, safari kumi zinakufikisha na kumi zinakuaibisha. Ukitenga tano, ni mbili tu zitakazokushinda. Tena angalia, hakuna ndengu hata moja ya saa moja. Njia haiwezi kukupunguzia saa nyingi, lakini kukuongezea inaweza mpaka ulale porini."

Juzi, binti mmoja anayepanga kwangu, anayesomea takwimu hapo chuoni, alinionyesha mchoro kwenye kompyuta yake: nundu upande wa kushoto, mkia mrefu upande wa kulia. Akaniambia huo ni mtawanyo wa uwezekano wa muda wa safari. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, naye hakujua machozi yale yalikuwa ya nani.

Mbuzi wetu walipokelewa, na Mwende akawa mke wangu. Tulipanga kwenda kwa Susu baada ya mavuno. Kabla mwezi haujaisha tukapata habari kwamba amefariki. Mwende aliketi mlangoni, akasema, "Alikuwa ameoga asubuhi ile. Alivaa leso mpya." Hakunilaumu kwa neno lingine, siku ile wala miaka yote thelathini na minane tuliyoishi pamoja kabla Mungu hajamchukua. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Wangu nimemlea mwenyewe.

Leo simu yako inakwambia safari ni saa mbili na dakika kumi, nawe unaamini kama Injili. Hiyo ni kawaida ya njia, si ahadi yake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kabla hujatoka, jiulize katika safari kumi ni ngapi zingekufikisha, na ukumbuke kwamba mvua hiyohiyo inayoleta matope ndiyo inayojaza mto, kwa hiyo taabu huja zikiongozana. Kisha jiulize ni nani anayekungoja. Kama ni rafiki na chai, tenga saa za kawaida uende. Kama ni mzee, mgonjwa au mtihani, toka mapema mpaka watu wakucheke. Na ukiulizwa utafika lini, usione haya kusema, "Labda saa sita, lakini huenda ikawa saa nane." Anayeambiwa hivyo atakula kwanza, na atapumzika.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukungoja, na akufikishe kwao wangali macho.