Mkono Nilioukawiza Mtoni Gucha

Nasikia mnapanga kupanda kilima cha ng'ambo ya Gucha Desemba hii, na watoto, na chakula, na simu za kupigia picha. Ni vizuri. Lakini kaa kidogo kwanza, mwanangu, na hicho kikombe kiweke chini. Nakumbuka siku moja tulipofunga safari kama hiyo hiyo, na mpaka leo nikiikumbuka, mkono wangu wa kulia hunisuta.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeshaolewa huku upande wa Keumbu kwa miaka minane, na nilikuwa na mtoto mmoja, Moraa, msichana wa miaka saba. Mume wangu Nyamweya alikuwa karani mjini Kisii. Alikuwa amejinunulia saa ya mkononi, na mtu akishanunua saa huanza kuona watu wote wengine wanachelewa. Nasema hivyo kwa upendo. Alikuwa mume mwema, ila miguu yake haikujua kungoja.

Sisi ni Wasabato, unajua. Chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa, na alasiri baada ya ibada watu hutembea kidogo kuangalia kazi ya Mungu. Kwa kawaida tulifika mtoni tu tukarudi. Lakini juma lile baba mkwe wangu, ambaye nilimwita Tata kama tunavyowaita baba zetu, alimwambia Nyamweya kwamba safari hii anataka kuvuka, apande mpaka kwenye mawe ya zamani.

Kwenye kile kilima, kabla ya Wazungu kuja kutupangia maisha, vijana wa Abagusii walikuwa wakilala huko kulinda ng'ombe dhidi ya wavamizi. Kambi hizo tuliziita ebisarate. Tata alikuwa mmoja wa vijana hao. Dada yake mdogo ndiye aliyempandishia chakula, uji wa wimbi kwenye kibuyu na viazi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Siku moja alipanda akiwa na homa, hakuweza kushuka tena, akafa huko huko na kuzikwa huko. Jina lake lilikuwa Moraa. Mtoto wangu alipozaliwa, Tata mwenyewe ndiye aliyesema apewe jina hilo. Basi alitaka kumwonyesha mjukuu wake mahali alipolala mwenye jina. Wenzake wote wa kambi walikuwa wameshakufa. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyepajua.

Sasa nikueleze jambo ambalo ninyi wa siku hizi mnalicheka. Kwetu kuna ensoni. Ni aibu, lakini si ile ya mwizi aliyekamatwa, ni aibu ya heshima. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hawapeani mikono, hawaketi benchi moja, hawasemeshani wakitazamana usoni. Nilimpikia Tata miaka minane bila kugusa hata ukucha wake. Chakula kilipikwa na mimi, kikapelekwa na Moraa, kwa kuwa mjukuu na babu hawana ensoni, hao hata wakivutana masikio ni sawa.

Na mimi, mwanangu, nilikuwa bingwa wa ensoni. Nikimwona Tata anakuja njiani, nilikuwa naingia kwenye migomba kumpisha. Wanawake wa kanisani walinisifu, wakawaambia mabinti zao wamwangalie mke wa Nyamweya alivyo na adabu. Nilizipenda zile sifa. Nilizipenda kuliko nilivyompenda yule mzee, na hilo ndilo ninalokuungamia.

Tulishuka bonde baada ya kula. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku ile, njia ilikuwa utelezi, na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Palikuwa na mawe yaliyopangwa ya kuvukia. Nyamweya alitazama saa yake, akambeba Moraa mgongoni, akavuka upesi. Kutoka ng'ambo akaniambia nimngojee Tata tuje polepole, yeye anatangulia kumwonyesha mtoto bonde kutoka juu kabla jua halijashuka. Nilisikia kicheko cha Moraa kikipanda kilima, halafu sikukisikia tena.

Tata alivua akala zake, zile ndara za matairi, akazishika mkononi, akaanza kuvuka. Mimi nilibaki nyuma kwenye ukingo, mbali kama ilivyonipasa, macho chini. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Tata alikwenda pole, na katikati ya mto jiwe likazunguka chini ya mguu wake. Sikusikia kelele. Nilisikia maji tu, na nilipoinua macho, mzee alikuwa ameketi mtoni, maji kifuani, amekumbatia jiwe kwa mikono miwili. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya. Akala moja ilikuwa inakwenda zake na maji.

Alijaribu kusimama, akashindwa. Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane tuliangaliana usoni.

Hapakuwa na mtu mwingine pale. Si mchota maji, si mchunga ng'ombe. Hakuna ambaye angekwenda kusema kanisani. Nami bado nilisimama nikiwaza jinsi ya kumshika baba mkwe, nimshike wapi, kwapani? Kiunoni? Mwili ulikataa. Nikaona njia ni moja, kumwita mwanawe. Lakini mwanawe alikuwa ng'ambo, na njia ya ng'ambo ilipita pale pale alipoketi Tata. Basi niliingia mtoni, maji yakanifika mapajani, nikampita. Nilishika gauni langu nikalivuta upande ili lisimguse. Unanisikia, mwanangu? Mzee anashindana na maji, na mimi navuta gauni.

Nilikimbia kupanda kilima nikiita. Nyamweya alikuwa mbali, upepo ulikuwa unavuma upande wetu, hakunisikia mpaka nilipofika karibu na kambi yenyewe. Aliposhuka na kumtoa baba yake majini, midomo ya Tata ilikuwa imebadilika rangi na vidole vyake vilikuwa havifunguki kwa kukazana na lile jiwe. Nyonga ilikuwa imeumia. Tulimlaza kwenye majani ng'ambo ile, chini ya kilima, Nyamweya akamfunika koti lake, akakimbia kutafuta watu na kitanda cha kumbebea.

Tulibaki watatu. Moraa aliingia chini ya koti akamkumbatia babu yake ili apate joto. Mimi niliketi mbali, nimempa mgongo nusu, kama mkwe mwema. Tata akasema huku akiutazama mto.

"Mama Moraa, ulipita karibu nami pale."

"Ndiyo, Tata."

"Nilidhani unakuja kunishika."

Nilianza kulia, nikamwambia kwamba niliona aibu. Hakunikaripia. Angenikaripia ningepona haraka. Alingoja nimalize kulia, ndipo akasema maneno haya, nami nimeyaweka kama yalivyo.

"Ensoni tuliwekewa ili watu wanaoishi boma moja wasiumizane. Basi. Nyumbani wewe ni mkwe wangu. Mtoni hakuna mkwe, mtoni kuna mtu na maji." Kisha akanyoosha mkono. "Sasa njoo unisaidie niketi. Jani limenichoma mgongo."

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilitazama kwanza huku na huku. Halafu nikaenda, nikaushika. Ulikuwa baridi, mgumu kama mpini wa jembe, na mdogo kuliko nilivyodhani. Nilimwinua, nikamwegemeza begani kwangu, na tukakaa hivyo mpaka sauti za watu zikasikika ng'ambo ya nyumbani. Ndipo nilipojua kwamba nilimpenda yule mzee, na kwamba kwa miaka minane nilikuwa nimemheshimu kama mtu anavyouheshimu mlango uliofungwa.

Alipokuwa ameniegemea alinieleza mahali pa Moraa. Ukivuka ukuta wa mawe, alisema, utaona mti wa omotembe, ule wenye maua mekundu. Upande wa mawio ya jua kuna jiwe bapa. Hapo. Nilimwambia asijali, akipona tutampandisha wenyewe. Alitabasamu akaacha kueleza. Na mimi sikumwuliza zaidi, mti uko hatua ngapi, jiwe lina alama gani. Nilidhani tuna siku nyingi.

Hatukuwa nazo. Tata hakutembea tena zaidi ya ghala lake. Nyamweya kila mwezi alisema mwezi ujao tutamtafutia wabebaji, na kila mwezi ulikuwa na kazi zake. Ensoni ilirudi nyumbani, nami niliishika, lakini asubuhi nilipompita nilisimama nikamwuliza amelalaje, naye akanijibu. Baada ya mavuno mawili alilala usingizi wa mwisho. Majuto ni mjukuu, na huyu wetu alikuwa akiketi mlangoni kila siku akiuliza watakwenda lini.

Moraa alipofika miaka kumi tulipanda, yeye na mimi na baba yake. Safari hii Nyamweya alitembea nyuma na saa aliiacha nyumbani. Tulipofika, watu walikuwa wameshagawiwa mashamba pale juu. Ukuta ulikuwa umebomolewa, mawe yamekwenda kuwa misingi ya nyumba. Miti ilikatwa. Tulihesabu visiki vitano, kimojawapo kingeweza kuwa cha omotembe, na mawe bapa yalikuwa mengi. Moraa akaniuliza, "Ni wapi, Mama?" Nikamjibu ukweli, kwamba sijui, na kwamba nilikuwa na nafasi ya kujua.

Mtoto yule hakunilaumu. Alikwenda kwenye kisiki cha kwanza, akasimama, akasema, "Moraa, mimi ni Moraa, nimekuja." Kisha akaenda cha pili. Alizunguka kilima kizima hivyo, jiwe kwa jiwe, akisalimia kila mahali ili asiruke pale penyewe, na sisi wazazi wake tulimfuata nyuma.

Kwa hiyo pandeni, mwanangu, kilima ni kizuri na watoto wakijue. Lakini mwenye miguu mizito atangulie, ninyi wenye mbio mfuate mwendo wake. Adabu si adhabu, ishike, mimi naishika hadi leo. Ila ukimwona mtu ameshindwa na maji, nyoosha mkono kwanza, mila utaiomba radhi ukishafika ukingoni. Na mkiwa na mzee anayesema anataka kuwaonyesha mahali, msimwambie mwezi ujao. Mbebeni. Mwulizeni hatua ni ngapi.

Nyasae, Mungu wetu, awavushe salama wote, wa mbele na wa nyuma. Awape mikono isiyongoja, na yeyote kati yenu atakayeteleza, amkute mwenzake yuko karibu. Nenda sasa, ukawaambie na wengine.