Gunia la Lumbesa

Nilianza kunyanyua vyuma nikiwa na miaka thelathini na mmoja, na sikuanza kwa ajili ya afya. Nilianza kwa sababu ya mtu mmoja, kaka wa mke wangu.

Mwaka huo, wakati wa mavuno, tulikwenda Mofu kumsaidia mama mkwe kutoa mpunga shambani. Gari lilishindwa kuingia kwenye tope, kwa hiyo magunia yalibebwa mgongoni hadi barabarani. Yalikuwa ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanaota kichwa cha pili juu ya mdomo, kisha yanashonwa kwa kamba. Mimi ni mwandishi, siku zangu huishia kwenye kiti. Shemeji alinitazama kitambi, akalipiga gunia kofi.

"Haya shemeji, anza na hili. Huku mwanamume analichukua chini mwenyewe, analipandisha begani, anaondoka."

Wanaume wawili waliokuwa wakibeba pamoja naye walitazama pembeni. Nikaamini. Niliinama, nikalikumbatia, nikavuta. Lilifika magotini, likanirudisha chini pamoja nalo. Mshono ukaachia, mpunga ukamwagika topeni.

"Jamani!" shemeji alipiga kelele huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Dada yangu kaolewa na kalamu!"

Wote wakacheka, isipokuwa mama mkwe, aliyefika mbio baada ya kusikia kelele. Yeye alipiga magoti akaanza kuuchota mpunga ule kwa viganja, akiupuliza matope. Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Niliporudi Ifakara nilitafuta mahali pa mazoezi. Mtaa wa Mlabani, nyuma ya nyumba moja, kulikuwa na mabomba yaliyotiwa makopo ya rangi pande mbili, makopo yamejazwa zege. Mwenyewe alikuwa amebeba magunia miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa kule Kibaoni. Siku ya kwanza aliniuliza nataka nini. Nikamsimulia. Alikuwa anakunja taulo, akaacha.

"Peke yako? Kutoka chini?"

"Ndiyo."

"Kaka, ulichezewa. Lumbesa halichukuliwi hivyo na mtu yeyote. Unatwikwa. Wawili wananyanyua, wewe unaingia chini yake. Mimi mwenyewe nilikuwa natwikwa kila siku."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mifupa. Kumbe sikuwa mnyonge tu, nilikuwa nimetegwa, na mpunga wa mama yake ulikuwa ndio chambo.

Mwili uliopita thelathini haukubali haraka. Wiki ya kwanza nilishindwa kuinua mkono kuchana nywele. Magoti yalilia kama mlango wa zamani. Nilitaka kuja kila siku, yule mwenye mabomba, sasa mwalimu wangu, akanifukuza: "Kalale! Kwa umri wako nyama inajengeka ukiwa umepumzika." Nikalala. Nikala maharage, mayai, kambale, na maziwa ya mama wa Kisukuma aliyepita mtaani kwetu na ndoo asubuhi. Nilipochuchumaa na bomba mabegani, niliuona uso wa shemeji umechorwa kwenye ukuta mbele yangu, nami niliinuka kumfuata. Mke wangu alifurahia kifua changu kipya. Sikumwambia kinajengwa kwa ajili ya nani.

Mavuno yaliyofuata nilifika Mofu mapema. Nilimwamkia mama mkwe, nikavua shati, nikasimama karibu na rundo. Wale wanaume wawili walinitwika. Gunia lilikaa mgongoni kama mtu mzito aliyelewa, nami nikaondoka nalo. Nilirudi, nikaenda tena, nikarudi. Wanawake waliokuwa wakipepeta walianza kunipigia vigelegele. Shemeji naye alikuwa akibeba nyuma yangu. Alikuwa anahema kuliko mimi.

Safari ya sita aliinama mbele ya gunia, akisubiri kutwikwa. Nikawashika mikono wale wawili.

"Mwacheni. Huku mwanamume analichukua chini mwenyewe. Alinifundisha yeye."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. Akaona sicheki. Akaona na wanawake wameacha kupepeta. Basi akalikumbatia gunia akavuta. Shingo ilimvimba. Gunia halikuondoka chini hata kidogo. Akavuta tena. Niliitazama mishipa yake kwa utulivu, kama mtu anayesoma ukurasa alioungoja.

Mama mkwe alisogea. "Nyie mna wazimu? Tangu lini gunia linabebwa hivyo? Nani aliyesema?"

Nilimtazama shemeji. Ningeweza kumjibu, lakini jibu halikuwa langu.

"Nauliza, nani?"

"Mimi, mama," alisema shemeji, macho yake kwenye tope.

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye tena kwa muda mrefu zaidi. Nilijua anauona mpunga ule wa mwaka uliopita.

"Kwa hiyo ulinimwagia chakula changu ili ucheke," alisema kwa sauti ya chini. "Mtwikeni, jua linapanda."

Nilishika ncha moja, mwingine akashika ya pili. Tulinyanyua. Shemeji akaingia chini, akatandaza mgongo. Mtwikaji mzuri hulilaza gunia polepole mpaka mbebaji aseme tayari. Nalijua hilo sasa.

Niliachia kabla hajasema. Akapepesuka hatua mbili, akajikaza, akashika njia ya barabarani bila kugeuka. Mimi nikajifuta mikono kwenye suruali, nikawaita wale wawili wanitwike linalofuata.