Tulivyosaini kwa Alama za Mizigo

Mwaka uliofuata Olimpiki ya Beijing, polisi wa Guangzhou walikuwa wakikagua pasipoti za Waafrika karibu kila siku. Walisimama mwanzo wa mtaa wa Dengfeng, na mwenye viza iliyokwisha alijifunza kupita nyuma ya mabucha. Mimi niliyezaliwa na kiherehere nikachagua wakati huohuo kukusanya saini.

Nyumbani palikuwa na muswada wa sheria ya kuwafunga wanaokashifu dini. Mimi Mkristo wa bara, mwanakwaya tangu utotoni, na muswada ule ulinitia hasira. Nani angepima kashfa? Jirani mnayegombania mpaka wa shamba? Kikundi kilichoupinga kilituomba sisi tulio nje tutume saini. Nikachana karatasi kwenye kitabu cha oda nikaandika juu: Sheria hii hatuitaki.

Watu walikubali kwa mdomo, ila kalamu waliiogopa. Wengi viza zao zilikuwa zimekwisha, hawakutaka majina yao yaonekane popote. Mwenzangu wa chumbani, Muislamu wa Tanga aliyekuwa akinunua vifaa vya shule kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu, ndiye aliyepata dawa.

"Shoga, si tuchore alama za mizigo?" akasema. "Jina langu la nini? Mungu wangu hahitaji askari wa kumlinda. Hilo nalisema hata kwa alama."

Kila mfanyabiashara alikuwa na alama yake, iliyopigwa kwa rangi kwenye kila katoni ili mizigo isichanganyike kontenani. Yake ilikuwa pembetatu yenye nyota ndani. Aliichora wa kwanza. Viza yake ilikuwa imepita miezi miwili. Alingoja tu katoni zake zipakiwe, kisha ajipeleke mwenyewe polisi, alipe faini, arudi kwa wanawe. Wengine wakafuata kuchora, wakitaniana. Nilijiona mjanja kuliko serikali mbili, ya nyumbani na ya huku.

Mimi sikuchora. Nimelelewa kwamba mwenye shughuli hula mwisho, wageni wakishashiba, hivyo nikajiachia mstari wa chini kabisa.

Siku ya nne wakala wetu wa mizigo, mtu wa kwetu, akaomba kuiona karatasi. Dini yake siitaji, maana walioitaka sheria ile walikuwepo makanisani na misikitini. Aliisoma polepole, kidole kikishuka alama moja baada ya nyingine. Nilidhani anatafuta pa kuchora yake.

"Wewe mbona haumo?" akauliza.

"Mimi wa mwisho."

"Dini haichezewi, dada," akasema kwa upole, akanirudishia karatasi.

Upole ule sikuupenda. Hata hivyo sikumwambia mtu. Niliona haya kuwatisha watu kwa sababu ya sauti tu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ghalani kwa wakala kutazama mzigo wangu. Katoni zilikuwa zimetengwa mafungu mawili. Kushoto palikuwa na pembetatu yenye nyota, jembe, herufi mbili ndani ya duara: karatasi yangu nzima, imepangwa ukutani. Kulia palikuwa na za wengine, na zangu. Kando ya fungu la kushoto polisi wawili walikaa kwenye viti vya plastiki wakinywa chai. Wakala alikuwa kwenye simu, akimwambia mtu kwa Kiswahili aje upesi, katoni yake imepasuka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tulificha majina, tukamwandikia wakala alama anazozipakia kila siku, na namba ya simu ya kila mwenye alama anayo. Nikatoka nje, nikampigia mwenzangu.

"Usije," nikasema.

"Mbona nimeshafika? Nakuona."

Alikuwa ng'ambo ya barabara, anashuka kwenye teksi, simu sikioni, ananipungia mkono. Nikageuka. Polisi mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu, akitazama ninakotazama.

Viza yangu ilikuwa hai, waliikagua wakanirudishia. Yeye walimwingiza garini. Hakulia wala hakunitazama. Alimuuliza tu wakala kama madaftari yake yatasafiri, na wakala akajifanya hakusikia.

Karatasi ile sikuituma kamwe. Kontena liliondoka wiki hiyo, na katoni zangu zilifika zote, hata moja haikupasuka.