Keateka wa Langas Aliyewahesabia Wageni Siku

Saa moja asubuhi, Leonida Ooko anapita kati ya kamba za nguo kwenye ploti ya vyumba vya kupanga anayoisimamia mtaani Langas, Eldoret. Hagongi mlango wa mtu. Anatazama nguo tu. Mbele ya chumba nambari saba zimeanikwa suruali mbili za mwanamume asiyeandikwa kwenye mkataba wowote.

"Huyo ako wiki ya tatu," asema, akijishika kiuno. "Lazima niongee na mama wa hapo, na sina nguvu ya kuongea."

Leonida, 58, ni keateka, yaani msimamizi, wa vyumba ishirini. Mkataba wa kila mpangaji unaruhusu watu wanne kwa chumba, na mgeni asizidishe siku kumi na nne. Vyoo ni viwili, mfereji wa maji mmoja.

"Sheria si mbaya. Watu wakizidi, choo inajaa, wapangaji wanagombana. Lakini aliyeiandika hakufikiria vita."

Februari 2008, nyumba yake Burnt Forest ikiwa imechomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanamke aitwaye Wahu aliteremka hapo kutoka kwenye lori, akiwa na watoto watano na mama mkwe wake. Dada yake Wahu, Njeri, alikuwa akiishi peke yake chumba nambari tatu. Wakawa wanane.

Leonida aliwaficha siku ishirini na sita. Kisha mwenye ploti akaja ghafla, akafungua mlango na kuona magodoro yamejaa hadi ukutani.

"Aliniambia, 'Mama, watoke ama utoke wewe.' Nilikuwa na watoto watatu. Nikawaambia watoke."

Walihamia kwenye mahema ya wakimbizi. Mvua za Machi zikawakuta huko. Mama mkwe alishikwa na nimonia, na kabla ya Pasaka ya mwaka huo kwisha akawa amezikwa.

Njeri ndiye aliyemletea Leonida habari hiyo, akaieleza polepole, kisha akaomba ufunguo wa bafu. Hajahama mpaka leo.

"Heri angenitukana," asema Leonida.

Mara mbili amemwomba mwenye ploti aongeze mstari mmoja kwenye mkataba: mtu aliyefukuzwa kwao apewe miezi mitatu. Mara mbili amekataliwa.

Mwakani anakusudia kuacha kazi. Kwenye kipande cha shamba alichonunua huko Soy kupitia chama cha akiba, ameinua kuta za vyumba vitatu, ingawa anaishi peke yake.

"Kimoja ni cha mtu atakayekuja," asema. "Huyo sitamuuliza anaenda lini."