Maziwa ya Kupatana

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, kimejaa maziwa ya asubuhi, ndiyo harufu ya nyumba ya baba yangu Semahoro, kule milimani Kivu Kusini. Huku Buffalo maziwa yananuka friji. Nilikuwa nimeisahau harufu ile, mpaka wiki ile niliyongojea wageni nisiowataka. Samweli, mtoto wa binamu yangu Muhoza, alikuwa anakuja kutoka Louisville tupatane, maana kanisa lake lilikataa kumfanya mchungaji mpaka anywe maziwa na mimi. Nilikuwa nachambua majani ya muhogo ya kupika sombe, mjukuu wangu Furaha akinifasiria kitabu chake cha shule. Kilisimulia habari za mtawala wa zamani wa Lituania, nchi ya baridi kama hii. Aligombea ufalme na mtoto wa ndugu yake. Kijana akampa neno lake, njoo tuelewane. Mzee akaenda na mwanawe, wote wakafungwa. Baada ya siku chache mzee akakutwa amekufa. Mwana akatoroka kwa kuvaa nguo za mjakazi wa mkewe, na mjakazi akabaki kitandani mahali pake, wakamuua. Huyo mwana akaja kuwa mtawala mkubwa kuliko baba yake.

"Mjakazi jina lake nani?" nikauliza.

"Hawajaandika, Tate," akajibu; ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

"Na mke wa huyo mwana?"

"Huyo ana jina."

"Na yule msaliti?"

"Ana jina, ana hata sanamu."

Nikayasukuma majani kando.

Nilikuwa na miaka kama tisa, kiangazi, nyasi zimekauka na ng'ombe wanashuka mbali kutafuta maji. Babu alipokufa, baba ndiye aliyeachiwa fimbo ya kundi lote. Muhoza, mtoto wa marehemu kaka yake, akaitaka. Waligombana mwaka mzima, kisha Muhoza akatuma neno: "Baba mdogo, njoo tunywe maziwa, yaishe." Kwetu waliokunywa kibuyu kimoja hawagusani; ni zaidi ya kiapo. Basi baba akaacha mkuki nyumbani, akaenda na kaka yangu Eliya, akanywa. Povu halijakauka mdomoni, wakawafungia katika kibanda cha ndama. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya tatu wakamtoa baba amekufa, wakasema ni tumbo. Eliya akabaki ndani.

Nabintu alikuwa msichana wetu wa kazi, binti wa Nakahuga wa bondeni, mwenye kovu juu ya nyusi na kicheko cha kukoroma. Kila asubuhi yeye na mimi tulimpelekea Eliya chakula. Siku moja alikawia ndani. Aliyetoka alikuwa amejitanda nguo ya Nabintu mpaka machoni, kikapu kichwani, na mkono ulionishika ulikuwa mkubwa mno. Mlinzi akatazama. Nikapaza sauti kama nilivyofundishwa: "Nabintu, fanya haraka, mama atatupiga!" Mlinzi akacheka, tukapita. Nabintu alibaki gizani, koti la Eliya mabegani. Walipomgundua walimpiga mpaka akafa. Eliya aliishi, akaoa, akazaa Rebeka, Ndayi, Yoeli, Mariamu, Petero, Nsimire na Tito. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina la Nabintu. Nalo hilo sijamsamehe kaka yangu.

Jumamosi Samweli akafika na suti ya bluu, pamoja na Mzee Yakobo wa Columbus, anayekaa karibu na Morse Road na hupatanisha watu hata asipoombwa. Furaha akamimina maziwa ya dukani katika glasi moja kubwa.

"Shangazi," Samweli akasema, "donc, basi, mambo ya wazee tuwaachie wazee. Tunywe, yaishe."

Maneno yale yale ya baba yake!

"Taja kwanza watu wa nyumba yenu," nikamwambia. Akataja, Muhoza mwana wa Gasore, mwana wa Rubanda, akapanda vizazi saba bila kukwama. Mzee Yakobo akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Sasa mtaje msichana mliyemuua."

Akamtazama Mzee Yakobo. "Bon... yule wa kazi? Jina sikuambiwa."

"Mama, muhurumie," Mzee Yakobo akaingilia. "Ameendesha gari siku nzima."

"Basi aendeshe siku nzima kurudi."

Nikaichukua glasi, nikamwaga maziwa kwenye sinki. "Tate!" Furaha akashtuka. Hakuna aliyenizuia.

Kanisani wanasema nina moyo mgumu. Sawa. Huku watoto wetu wanakunywa maziwa wamesimama mbele ya friji, kila mtu na lake, bila kumwahidi mtu chochote. Vibuyu vilibaki milimani. Sheria ya kibuyu nimebaki nayo mimi. Ila baba alikunywa bila kuuliza, mimi nauliza kwanza. Nimemkataza Furaha asimwambie Samweli jina lile. Akalitafute mwenyewe kwa watu wa bondeni, kwa uzao wa Nakahuga, awapigie magoti wao kabla yangu. Akilipata, nitanunua maziwa.